Mama Mchungaji, Mtunga Shanga

Ukimkuta Mama Mchungaji amesimama katikati ya njia, ndoo kichwani, macho yametulia juu ya kitu ambacho wewe hukioni, adabu ya mtaa wetu pale Nyangoto ilikuwa kumpita polepole bila kumsalimia. Watoto walijua hivyo. Wenye bodaboda nao walijua. Walipunguza mwendo wakampitia pembeni, kama wanavyompitia ng'ombe aliyelala barabarani. Lakini yeye hakuwa amelala. Alikuwa anatazama. Pengine ni maji ya sabuni yanayotambaa mferejini na kubeba rangi zake, pengine ni vumbi la mawe ya mgodi likipanda kilimani na kupigwa na jua changa. Baada ya muda angeshtuka, angecheka kidogo peke yake, angeendelea na safari. Jioni ungemsikia akimuuliza yeyote aliye karibu, "Ile rangi ya vumbi kabla jua halijawa kali, ninyi mnaiitaje?"

Hatukuwa na jina la rangi hiyo. Tulimwambia ni vumbi tu.

"Aa, usiseme tu," alinijibu siku moja. "Ukishasema tu, umefunga mlango."

Mimi wakati huo nilikuwa fundi cherehani. Kibaraza changu kilitazamana na mlango wa jiko lake, na kwa miaka yote tuliyokaa jirani sisi wanawake wawili tulishinda na sindano mkononi. Mimi nilishona sare za shule na magauni ya sikukuu. Yeye alitunga shanga. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini sikuwahi kulisikia likitumika, hata mume wake, alipomwita kutoka chumbani, aliita "Mama Mchungaji!" kana kwamba huyo mchungaji ni mtu mwingine.

Wageni walishangaa sana walipozikuta zile shanga katika nyumba ile. Kanisa letu halikuruhusu mwanamke kuvaa pambo. Hereni hapana, bangili hapana, mkufu hapana. Ukija na kucha za rangi, mama mmoja wa ukaribisho angekushika mkono kwa upole na kukurudisha nyumbani. Na katika kanisa hilo hilo mke wa mchungaji alikuwa na sahani tatu za bati zilizojaa shanga za kioo, na uzi wa nailoni ule wa wavuvi, na mikufu imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko kama vitunguu.

Yeye mwenyewe hakuvaa. Shingo yake ilikuwa tupu na ndefu, na ungeweza kudhani ni yeye aliyeitunga sheria ile.

"Mama, hawakusemi?" nilimuuliza.

"Wananisema. Na mimi nawasikiliza. Wakimaliza kusema, naendelea."

"Na Mchungaji?"

"Mchungaji anaogopa giza. Mimi naogopa radi. Kila mtu na lake." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na nikilifikiria mpaka leo sijui kama lilikuwa jibu.

Watu waliovaa kazi zake walikuwa wa nje ya kanisa: wanawake wa madhehebu mengine, bibi zetu ambao hawakuwahi kubatizwa, mabibi harusi kutoka Tarime mjini. Wengine walikuja kutoka mbali wakakaa kwenye kigoda chake nusu siku nzima, kwa sababu hakukubali kuanza kazi kabla hajakuuliza maswali. Nyumbani kwenu mlango unatazama upande gani? Ukiwa mtoto ulikuwa unaogopa nini? Kuna neno gani mama yako alipenda kulisema? Wengine walikasirika wakaondoka. Waliovumilia walirudi baada ya majuma kadhaa, wakavishwa, na nimewaona watu wazima wakishika kifua mbele ya kile kioo chake kidogo chenye ufa.

Michoro ilimjia mchana. Baada ya chakula alilala kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, nusu kivulini, nusu juani, na hapo aliota. Sijui kama zilikuwa ndoto kamili au ule usingizi mwepesi ambao bado unasikia kuku na redio ya jirani. Aliinuka ghafla, nywele zimejaa nyasi za mkeka, akachota majivu jikoni, akayamwaga sakafuni na kuanza kuchora kwa kidole. Mistari, vipande, duara zilizokatika. Mama yake, aliniambia, alikuwa mchoraji wa kuta. Kila kiangazi alipaka nyumba yao kwa udongo mweupe na mwekundu na masizi, kwa mkono mtupu, na kila masika mvua ilifuta. Hakurudia mchoro hata mara moja. "Nilimwuliza kwa nini asipake rangi ya dukani idumu," alisema, akiwa bado anachora kwenye majivu. "Akaniambia, sasa mwakani nitafanya nini?"

Saa za mchana mgodi ulilipua baruti. Mlio ulikuja kutoka chini ya ardhi kabla haujafika masikioni. Kwanza vikombe viligongana kabatini, kisha shanga zikaanza kutetemeka katika zile sahani za bati, zikiimba kwa sauti ndogo kama mvua inayoanza. Sisi wengine tulilaani. Yeye alikimbilia sahani, si kuzizuia, kuzitazama. Shanga zilirukaruka, za bluu zikaingia kwenye za rangi ya maziwa, za kahawia zikakaa pembeni peke yake, na mara nyingine alinyoosha mkono kutuzuia tusikanyage karibu, akakaa pale amechutama akitazama kilichoandikwa na tetemeko.

Wakati huo wote maharage yaliungua. Sijawahi kujua nyumba iliyounguza maharage kama ile. Mchungaji, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyala bila kubadilisha uso. Siku moja tu nilimsikia akisema, baada ya kusali, "Leo yana moshi wa beti nyingi." Mkewe akacheka mpaka akamwaga chai.

Maana beti zilikuwepo. Kabla ya kushika uzi alitunga shairi. Alitembea nalo kisimani na kurudi, vidole vikigonga paja, akihesabu mizani. Shairi likikataa, na mkufu ulikataa. "Kiswahili kimetuhurumia," aliniambia. "Kimetupa neno moja kwa kazi mbili. Unatunga shairi, unatunga shanga." Kila silabi aliipa ushanga wake. Pale msomaji anapovuta pumzi katikati ya mshororo, aliweka ushanga mkubwa wa mti, usio na rangi, ili na jicho nalo livute pumzi. Pale vina vinapofanana, rangi zilifanana. Mtu aliyevaa hakuhitaji kujua hayo. Aliona tu kwamba mkufu una mwendo, kwamba unakwenda na kusimama, unakwenda na kusimama, kama mtu anayetembea huku akikumbuka.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa msumbufu kupita kiasi. Shanga alizifuata Sirari, mpakani, na safari moja tulikwenda pamoja. Muuzaji, kijana wa upande wa pili mwenye meza ndefu chini ya mwavuli, alimwonyesha kila pakiti ya bluu aliyokuwa nayo. Mama Mchungaji alitikisa kichwa.

"Sasa madam, unataka blue gani? Hii si blue?"

"Nataka bluu ya moshi wa asubuhi, ukiuona kutoka mbali."

"Ai! Hiyo hatuna. Hiyo uliza Mungu."

"Nimemwuliza. Amenituma kwako."

Yule kijana aliinama chini ya meza, akatoa boksi la mabaki ya zamani lililoandikwa kwa herufi za Kichina, akalimimina mbele yetu, na tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, tukichambua moja moja. Nilikuwa na magauni ya watu yananisubiri. Nilimwambia. Hakunisikia kabisa.

Na alikuwa na tabia mbaya zaidi ya hiyo: hakuweza kuacha kazi ikaenda. Angekukuta sokoni umevaa mkufu wake, angekusogelea na kuugusa, uso umejaa masikitiko. "Nipe kidogo, kuna mahali pamekosea." Ukimpa, umekwisha. Baada ya mwezi utarudishiwa mkufu mwingine kabisa, rangi nyingine, mwendo mwingine, na yeye ataapa ni ule ule umerekebishwa. Wanawake wakawa wanamkwepa. Nilimwona mama mmoja akijifunga kitenge shingoni kwenye jua la saa sita kwa sababu alimwona Mama Mchungaji anakuja kwa upande wa wauza dagaa.

Sasa niseme la mdogo wangu, Gati.

Mama yetu alifariki Gati akiwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kumkumbuka. Yeye hakuwa na hata kivuli. Alipokua aliniuliza, mama alikuwaje, nami nilimwambia alikuwa mwema, alikuwa mchapakazi, maneno yale yale ambayo husemwa makaburini. Hayakumsaidia. Alipochumbiwa na kijana wa kanisa letu, ng'ombe wa mahari wakafika, siku ya ndoa ikapangwa, mimi nikaanza kushona gauni. Jioni moja Gati alivuka uwanja akaenda kwa Mama Mchungaji. Nilikuwa nasikia kutoka kibarazani.

"Mama, nataka unitungie mkufu wa harusi."

"Utaolewa kanisani kwetu, mwanangu. Unajua sheria."

"Najua. Nataka mkufu wa mama yangu."

Mama Mchungaji alimkalisha mkekani. Kisha akaanza maswali yake, na Gati akajibu sijui, sijui, sijui, mpaka akaanza kulia. Ndipo nikaitwa.

Nilikaa kwenye kigoda. Niliulizwa mama yetu alipenda neno gani, nikasema sikumbuki. Aliogopa nini? Sijui. Nilikuwa naona aibu, maana niligundua kwamba na mimi nilikuwa nimebakiwa na yale maneno ya makaburini tu. Mama Mchungaji hakunihimiza. Alifumba macho, akasema, "Ni asubuhi. Umetoka nje. Yeye yuko wapi?"

Nikamwona. Sijui alitoka wapi. Nilimwona ameinama, mkono mmoja mgongoni, anafagia uwanja kwa ufagio wa vijiti, na ufagio unaacha mistari mviringo kwenye vumbi, nusu duara ndani ya nusu duara, mpaka uwanja wote ukawa kama kitambaa kilichotariziwa. Nikakumbuka kwamba tulikatazwa kukanyaga hapo kabla hajamaliza. Nikakumbuka kuku wakitoka ndani ya nyumba wakapita katikati ya kazi yote ile na kuacha alama za vidole vyao, nami nikingoja awafukuze, na yeye akicheka mlangoni na kuwaita waje kula.

Niliposema kuhusu kuku, Gati aliacha kulia. "Alicheka?" aliuliza. "Alicheka vipi?" Nikajaribu kucheka kama yeye. Sijui kama nilipatia. Gati alinitazama mdomo kama mtu anayesoma.

Shairi lilikuja haraka, ndani ya siku chache. Mama Mchungaji alilileta kibarazani kwangu akalisema kwa sauti ya chini, mimi mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani:

Ulifagia uani, ukaacha njia zako,
Kuku wakatoka ndani, wakafuta kazi yako,
Ukacheka mlangoni, ukaita kuku wako,
Leo nipo safarini, nafuata njia zako.

Mkufu ndio ulichelewa. Wa kwanza ulikuwa mzuri ajabu: nyuzi nne zilizopindana nusu duara, moja ndani ya nyingine, kahawia ya udongo na nyeupe ya maziwa, na kila penye kina cha mwisho ushanga mwekundu. Mimi ningeuvaa mpaka kaburini. Yeye aliuinua dirishani, akautazama muda mrefu, akachukua mkasi akaukata. Shanga zilitawanyika sakafuni.

"Mama! Kwa nini?"

"Huu hauna kuku," alisema.

Wa pili ulikuwa na kuku, lakini walikuwa wamepangwa, akasema kuku hawatembei kama wanakwaya. Wa tatu ulimfaa. Katikati ya zile nusu duara safi alipitisha shanga ndogo nyeusi zilizokwenda kombo, zikavuka uzi hadi uzi, zikaharibu mpangilio, na hapo hapo ndipo mkufu ulipopata uhai. Ukiutazama haraka ungedhani fundi alikosea. Gati alivishwa mbele ya kile kioo kidogo chenye ufa. Aligusa zile nyeusi kwa kidole, moja baada ya nyingine, kisha akatoka nje akasimama uani peke yake.

Siku ya harusi Mzee wa Kanisa alisimama mlangoni. Huyu hakuwa mtu mbaya, na napenda hilo lieleweke. Ndiye aliyechimba, yeye na wenzake, kaburi la mama yetu, kwenye mvua. Lakini sheria aliilinda kama anavyolinda zizi lake. Alimwona Gati anakuja na baba yetu, gauni jeupe, na shingoni ule mkufu, akanyoosha mkono.

"Binti, hilo livuliwe kwanza."

"Shikamoo, Mzee. Sivui."

"Marahaba. Basi hapa huingii."

Ndani kwaya ilikuwa inaimba. Ikaimba ubeti, ikasimama, ikaanza tena ubeti ule ule. Bwana harusi aligeuka akatazama mlangoni. Baba yetu alisema, "Gati, mwanangu, vua tu, utavaa nyumbani," na Gati akatikisa kichwa, machozi yanashuka na kuharibu poda niliyompaka. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika mkia wa gauni.

Mama Mchungaji akatoka ndani. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu ya kila Krismasi. Watu wakampisha. Wote tulijua kwamba njia ilikuwa nyepesi: aseme lile si pambo, ni kumbukumbu ya marehemu. Nadhani hata Mzee wa Kanisa alitaka aambiwe hivyo, maana alimwuliza kwa sauti ya kumsaidia.

"Mama Mchungaji, tuambie. Hili ni pambo, au ni kitu kingine?"

Akautazama mkufu. Nilimwona anavyoutazama, na nikajua atakachosema.

"Ni pambo, Mzee," alisema. "Nilitaka apendeze. Nilihangaika sana apendeze."

Watu waliguna. Mzee wa Kanisa aliinamisha kichwa kama mtu aliyekataliwa zawadi. "Basi umenifunga mikono," alisema.

"Najua. Nisamehe."

Kwaya ilikuwa imenyamaza kabisa sasa. Kisha Mchungaji akaja kutoka madhabahuni, joho lake jeusi, Biblia chini ya kwapa, akapita katikati ya watu bila haraka mpaka mlangoni. Alimtazama mkewe. Alimtazama Gati. Akatazama nje, kwenye uwanja wenye jua, na mimi nilidhani anatafuta la kusema. Akasema, "Toeni mabenchi."

"Mchungaji?" Mzee wa Kanisa hakuelewa.

"Sheria ya mlango ni yako, sitaivunja. Toeni mabenchi nje."

Tukatoa. Vijana walibeba, wanawake wakabeba, benchi zikapangwa uani kwenye vumbi, na ndoa ya mdogo wangu ikafungwa nje, upepo ukipeperusha kurasa za Biblia, ng'ombe wa mtu wakipita nyuma ya bwana harusi. Mzee wa Kanisa hakukaa nasi. Alibaki amesimama mlangoni kivulini, mahali pake. Lakini wimbo wa mwisho alipouimba, tulimsikia wote, ana sauti nzito, haifichiki.

Haukupita muda Mchungaji akahamishwa. Barua haikutaja mkufu. Ilisema mahitaji ya kazi. Walipelekwa mbali, upande wa Serengeti, kwenye kanisa dogo la tope huko Ikoma. Siku walipopakia vitu kwenye lori nilimwambia nasikitika, ni kwa ajili yetu. Mama Mchungaji alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, sahani zake tatu zimefungwa kwa kanga mapajani.

"Nasikia huko nyasi zikikauka zinakuwa na rangi ya simba," alisema. "Ulijua?"

Sikujua kama ananifariji au amekwisha kusafiri.

Miaka ikaenda. Na mimi maisha yalinisukuma huko huko: kambi moja ya watalii karibu na Robanda ilitafuta fundi wa kushona mapazia na kutia viraka mahema, nikaenda. Nilisikia kwamba Mchungaji amefariki, na kwamba mjane wake amebaki huko, analima. Siku yangu ya mapumziko nilichukua bodaboda mapema, ukungu bado umelala mabondeni na miti ya migunga inaelea juu yake kama haina mashina. Niliulizia. Mtoto mmoja akanionyesha shamba.

Nilimkuta amesimama katikati ya mahindi yaliyolala chini. Tembo walikuwa wamepita alfajiri ile. Ungedhani mtu alikokota nyumba juu ya shamba: njia pana zilizopinda, mabua yamevunjwa na kupondwa kwenye udongo wenye unyevu, nyayo kubwa za duara zimejaa maji na ndani ya maji kuna mawingu. Yeye alikuwa peku, mkongojo mkononi, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Nilifanya kama tulivyozoea: nilisimama kando, nikangoja amalize kutazama.

Lakini hakuwa anatazama hivyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Aligeuka. Alinitambua polepole, kuanzia viatu kwenda juu. "Fundi! Umekuja siku mbaya."

"Pole, Mama. Pole sana."

"Ilikuwa imebaki wiki tuvune." Aliinua mkongojo akauelekeza upande wa hifadhi, kwenye vilima vilivyoanza kutoka kwenye ukungu. "Wamekula, wamekunywa, wamekwenda kulala. Mchungaji angekuwepo ningenyamaza. Sasa hayupo. Nisaidie kuwatukana."

Nilidhani anatania. "Kuwatukana tembo?"

"Anza wewe."

Nikajikohoza. "Washenzi," nilisema.

"Hilo dogo sana."

"Washenzi wakubwa!"

"Wewe hujawahi kulima." Akajaza pumzi, akaanza yeye, kwa Kikurya, na sauti sijawahi kuisikia ikamtoka. Aliwatukana mikonga yao na matumbo yao. Aliwatukana bibi zao. Alisema maneno ambayo mimi niliyasikia kwa wachimbaji wa Nyangoto tu, tena walevi, na nikaanza kuyaitikia, tukapaza sauti wanawake wawili katikati ya shamba lililovunjika, mpaka kanga wa porini wakaruka kutoka vichakani kwa kelele. Kisha akaishiwa pumzi. Akacheka, akakaa chini kwenye udongo, na kicheko kikageuka, nikakaa karibu naye, nikamshika bega mpaka kilipotulia.

Ukungu ulikuwa unapanda, ukipita katikati yetu kama moshi wa jiko la mtu mwingine.

"Haya," alisema, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kuna yaliyopona. Shika upande ule."

Tukaokota. Tuliyatoa mahindi chini ya mabua, tukayafuta udongo, tukayaweka kwenye debe. Yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani, ingawa si ya kutosha. Karibu na mpaka wa shamba aliinama akachukua hindi moja lililotafunwa upande mmoja tu, kidogo, juu juu, likaachwa. Aliligeuza mkononi. Hapo chini palikuwa na unyayo mdogo, haukuzidi sahani.

"Huyu ni mtoto," alisema. "Alikuwa anajifunza. Nadhani mama yake alimwita kabla hajamaliza."

Nilinyoosha mkono nilipokee, maana upande wa pili ulikuwa mzima, ungefaa kuchomwa. Hakunipa. Aliliegemeza kwenye shina la bua lililovunjika, pale pale lilipokuwa, akalisogeza kidogo lisianguke.

"Mama, tembo hawezi kurudi kwa hindi moja."

"Najua," alisema.

Akashika debe upande wake, mimi nikashika upande wangu, tukaondoka.